Kompaila imekosea, au ni mimi? Maswali kuhusu fanksheni za jina moja na arei za `new` kwenye C++

Msimu wa korosho ukikaribia, vijana wengi wa hapa Mtwara wanaojifunza C++ huandika programu ileile: ya kupokea mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mkulima analeta magunia, kila gunia linapimwa, kilo zinajumlishwa, la daraja la kwanza linatengwa na la daraja la pili. Idadi ya magunia haijulikani mapema, kwa hiyo arei, yaani safu ya vitu vya aina moja, inaundwa kwa `new` programu ikiwa inaendelea. Na kwa kuwa jumla ni jumla, iwe ya kilo au ya shilingi, fanksheni kadhaa hupewa jina moja.

Hapo ndipo lawama kwa kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, huanzia. Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanaotumia kompyuta za maabara, laptopu za kuazima na simu. Mifano yote ni ya programu hiyo ya mizani.

Kompaila inajuaje fanksheni ipi niliyoita, kama zote zina jina moja?

Ukisimama stendi ukaita "Abdala!", watageuka watatu. Kompaila haigeuzi watatu: inaangalia ulichoshika mkononi, yaani aina za vitu ulivyoweka ndani ya mabano, kisha inachagua fanksheni inayoendana navyo kwa karibu zaidi. Inayolingana moja kwa moja hushinda. Ikikosekana, hutafutwa inayohitaji mageuzi madogo, kama `short` kuwa `int`. Baada yake huja mageuzi ya kawaida ya lugha, kama `int` kuwa `double` au pointa (anwani ya kumbukumbu) kuwa `bool`. Mageuzi yanayotokana na klasi, kama `char*` kuwa `string`, huja nyuma ya hayo yote. Zikifungana mbili, kompaila inakataa na kusema wito wako una utata.

Shika mpangilio huo. Maswali kadhaa ya ukurasa huu yanajibiwa nao.

Jumla inatoka 0 kwenye kompyuta ya maabara, lakini kwenye laptopu yangu inatoka uzito wa gunia la kwanza tu. Kompaila ipi ni mbovu?

Hakuna iliyo mbovu. Fanksheni yenyewe ni hii:

```
double jumla(double kilo[]) {
    int n = sizeof(kilo) / sizeof(kilo[0]);
    double j = 0;
    for (int i = 0; i < n; i++) j += kilo[i];
    return j;
}
```

Yale mabano ya mraba kwenye `kilo[]` yanadanganya macho. Ndani ya fanksheni hiyo `kilo` si arei, ni pointa tu, na `sizeof` inapima pointa. Kompyuta ya maabara ina Dev-C++ 4.9.9.2, programu ya kuandikia C++ yenye kompaila ndani yake, ambayo hutengeneza programu za biti 32. Pointa huko ni baiti 4 na `double` ni baiti 8. Nne kwa nane, kwa namba nzima, ni sifuri. Kwenye laptopu ya biti 64 pointa ni baiti 8. Nane kwa nane ni moja, ndiyo maana unapata gunia moja.

Kosa moja, majibu mawili tofauti, na yote yanaonekana kama kichaa cha kompaila. Matoleo mapya ya GCC, kompaila iliyomo ndani ya Dev-C++, hutoa onyo hapo. Dev-C++ 4.9.9.2, ambayo ndani yake ina GCC 3.4.2, haisemi kitu.

Arei iliyoundwa kwa `new` haibebi idadi yake unayoweza kuiuliza. Ipeleke mwenyewe: `jumla(double* kilo, int idadi)`.

Naweza kuwa na `jumla(double kilo[10])` na `jumla(double kilo[20])` kama fanksheni mbili?

Hapana. Namba ndani ya mabano hutupwa. Zote mbili ni `jumla(double*)`, na kompaila itakuambia umeandika fanksheni ileile mara mbili.

Kuna njia ya templeti (fanksheni ya mfano ambayo kompaila huijaza aina na ukubwa) inayopokea arei pamoja na ukubwa wake, `double (&kilo)[N]`. Inafanya kazi kwa arei za kawaida, lakini haipokei kilichotoka kwa `new`, kwa sababu `new` inarudisha pointa. Tena ukiiweka kando ya `jumla(double*)` isiyo templeti, hata arei halisi itakwenda kwa ile ya pointa. Kugeuza arei kuwa pointa kunahesabiwa kama kulingana moja kwa moja, na zikifungana hivyo, fanksheni isiyo templeti ndiyo hupewa kipaumbele. Wengi huona hapo kuna bagi, yaani kosa la kompaila yenyewe. Ni sheria ya lugha, ingawa siipendi.

Nimeandika jina la mkulima, programu imetoa "Amelipwa". Nani kamlipa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na kwa mkulima anayesubiri fedha baada ya mnada si la kuchekesha hata kidogo. Tazama:

```
void andika(bool amelipwa) {
    cout << (amelipwa ? "Amelipwa" : "Bado") << endl;
}
void andika(const string& jina) {
    cout << "Mkulima: " << jina << endl;
}

char* jina = new char[40];
cin.getline(jina, 40);
andika(jina);
```

Wewe unaona jina, na kwa macho yako jina ni `string`. Kompaila inaona `char*`. Kwenda `string` kunahitaji kuita konstrakta ya klasi, yaani fanksheni inayounda kitu kipya cha klasi hiyo. Kwenda `bool` ni mageuzi ya kawaida ya lugha. Rudi kwenye mpangilio wa swali la kwanza: ya kawaida hushinda ya klasi. Pointa isiyo tupu ikigeuzwa `bool` inakuwa kweli, na "kweli" kwenye programu hii ni mkulima kalipwa.

Wala huhitaji `new` ili kuumwa na jambo hili. `andika("Tandahimba")` nayo itasema "Amelipwa". Na kompaila inaweza isitoe onyo lolote, hata ukiwasha `-Wall`, swichi ya maonyo, kwa kuwa kisheria kila kitu kiko sawa.

Dawa ni mojawapo ya mbili. Ongeza `andika(const char* jina)`, ambayo italingana kwa karibu zaidi na kuwapita wote. Au acha kabisa `char*` na utumie `string` tangu kusoma jina. Mimi ningechukua ya pili, na ile fanksheni ya `bool` ningeipa jina lake, `andikaMalipo`. Jina moja kwa kazi mbili tofauti ndilo lililozaa tatizo.

`weka(NULL)` inakubali maabara, kwangu inakataa. Mbona?

Una `weka(int idadi)` na `weka(double* kilo)`. Kwenye GCC, `NULL` ni namba maalumu yenye ukubwa sawa na pointa. Biti 32: ni sawa na `int`, kwa hiyo `weka(int)` inachukuliwa, labda na onyo. Biti 64: ni kubwa kuliko `int`, hivyo kwenda `int` ni mageuzi na kwenda pointa pia ni mageuzi, zinafungana, na unaambiwa wito una utata.

Iliyokukatalia ndiyo iliyokutendea wema. Ile ya maabara iliita fanksheni ambayo hukuikusudia.

Tumia `nullptr`, iliyoingia na C++11. Dev-C++ 5.11 ina GCC 4.9.2 na inaifahamu, ila lazima uweke `-std=c++11` kwenye mipangilio ya kompaila. Kuanzia GCC 6 hakuna haja ya kuweka. Kwenye GCC 3.4.2 haipo, andika `(double*)0`.

Nikichapisha arei ya `double` naona `0x` na herufi za ajabu. Ya `char` inatoka maandishi. Kwa nini upendeleo?

Opereta `<<` nayo ni kundi la fanksheni za jina moja. Kuna ya `const char*`, inayochapisha herufi mpaka ikutane na `'\0'`. Kwa `double*` hakuna, kwa hiyo inachukuliwa ya pointa yoyote, inayochapisha anwani. Na kama arei yako ya `char` haina `'\0'` mwishoni, utaona jina likifuatwa na takataka za kumbukumbu ya jirani.

Nimefuta kwa `delete` badala ya `delete[]` na programu inaendelea vizuri tu. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo, ila haujajionyesha. Lugha haitoi ahadi yoyote ukichanganya hivyo. Kwa arei ya `double` mara nyingi hutaona kitu. Ukibadilisha kuwa arei ya `string`, programu ileile inaweza kufa hapohapo, kwa sababu itakayoeleweka kwenye swali linalofuata.

Kwenye Linux, kompaili kwa `-fsanitize=address -g`; itakusimamisha na neno `alloc-dealloc-mismatch` pamoja na mstari uliokosea. GCC za MinGW kwenye Windows hazina kifaa hicho, na Dev-C++ inatumia MinGW. GCC kuanzia toleo la 11 hugundua baadhi ya makosa haya wakati wa kukompaili.

Nimeandika opereta `new[]` yangu mwenyewe ili nione inaombwa baiti ngapi. Mizigo 10 ya baiti 8 inaomba 88. Nani ameongeza 8?

Kompaila, na kwa haki. Mzigo wako ni huu:

```
struct Mzigo {
    double kilo;
    ~Mzigo() {}
};
Mzigo* m = new Mzigo[10];
```

Ina destrakta, yaani fanksheni inayoitwa kitu kinapofutwa. Siku utakapoandika `delete[] m`, kompaila itatakiwa kuita destrakta kumi, lakini `m` ni pointa tupu, haisemi kumi wala mia. Kwa hiyo GCC huomba nafasi ya ziada, huandika idadi hapo mbele, kisha hukupa pointa iliyosogezwa baada ya ile namba. Kwenye biti 64 nafasi hiyo ni baiti 8. Futa mstari wa `~Mzigo() {}` uendeshe tena: utaona 80.

Sasa utaelewa swali lililopita. Ukiita `delete` bila mabano kwa arei ya aina hii, pointa inayorudishwa kwenye kumbukumbu siyo ile iliyotoka; iko baiti 8 mbele. Na anwani ambayo opereta yako ilirudisha hailingani na `m`. Ukizilinganisha ukaona tofauti, usiende kuripoti.

Basi hakuna bagi ya kweli hata moja?

Ipo, na inahusu mambo haya mawili kwa pamoja: arei ya `new` na opereta `new[]`, ambayo yenyewe ni fanksheni unayoweza kuiandika upya.

Unapoandika `new double[n]`, kompaila huzidisha `n` kwa 8, kisha jibu ndilo hupelekwa kwa `operator new[]`. Opereta haioni `n`. Inaona baiti tu. Je, jibu la kuzidisha likizidi namba kubwa kabisa ambayo mashine inaweza kushika?

Chukua biti 32, ambako hesabu hurudi sifuri ikifika 4294967296. Tuseme `n` ni 536870913. Mara 8 ni 4294967304. Inapita ukomo kwa 8, kwa hiyo kinachobaki ni 8. Opereta inaombwa baiti nane, inazitoa kwa furaha, na wewe unapewa pointa ya arei unayoamini ina nafasi milioni mia tano na ushee. Ina nafasi ya gunia moja. Gunia la pili linaandikwa juu ya kumbukumbu ya kitu kingine.

Unaweza kusema hakuna AMCOS yenye magunia hayo. Kweli. Lakini `n` hiyo hukuiandika wewe. Programu yako imeisoma kwenye faili, na faili lilikuwa kwenye flashi iliyochomolewa kabla ya kumaliza kuhifadhi, au umeme ulikatika katikati. Namba yoyote inaweza kuwa pale. Na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuipanga kwa makusudi, ndiyo maana dosari hii ilipewa namba ya usalama, CVE-2002-2439.

Kwenye orodha ya bagi za GCC ni namba 19351, ya mwaka 2005. Ilirekebishwa kwenye toleo la 4.8.0, lililotoka 2013. Miaka yote hiyo haikuwa uvivu mtupu. Kiwango cha lugha chenyewe hakikuwa kimesema wazi nini kifanyike hesabu ikifurika, na palikuwa na ubishi kama hii ni bagi ya kompaila au pengo la sheria. C++11 ikaziba pengo kwa kuleta `bad_array_new_length`. Tangu 4.8, ukubwa ukifurika, `new` inashindwa waziwazi kwa kurusha `bad_alloc` au mtoto wake, huyo `bad_array_new_length`, haikupi tena arei ya uongo.

Hesabu matoleo sasa. Dev-C++ 4.9.9.2 ina GCC 3.4.2: imo. Dev-C++ 5.11 ina 4.9.2: imepona. Code::Blocks 20.03 ina 8.1.0: imepona. Kwa hiyo wale wa maabara, msiandike `new` kwa namba iliyotoka kwenye faili bila kuipima kwanza:

```
if (n < 1 || n > 100000) {
    cout << "Faili limeharibika" << endl;
    return 1;
}
double* kilo = new double[n];
```

Upimaji huo ubaki hata ukihamia kompaila mpya. Kwenye biti 64 namba ileile haifuriki, lakini itaomba zaidi ya GB 4 kwa mzigo wa mkulima mmoja.

Angalia pia: kuandika `operator new[]` yako hakukuokoi na bagi hii. Inapoitwa, uharibifu umeshafanyika. Inaona 8 na 8 ni ombi halali.

Nikiwasha `-O2`, swichi ya kuharakisha programu, majibu yanabadilika. Hiyo si dalili ya kompaila mbovu?

Mara nyingi ni dalili ya kumbukumbu isiyojazwa. `new double[n]` haiweki sifuri. Inakupa eneo lilivyo, na yaliyomo. Bila `-O2` huenda ulikuwa unaokota sifuri kwa bahati. Andika `new double[n]()`, na mabano yale matupu yatajaza sifuri.

Kompaila imeandika `internal compiler error`. Hapo je?

Hapo kompaila yenyewe imekiri. Msimbo wako uwe sahihi au wa ovyo, haitakiwi kuanguka hivyo. Isipokuwa ukiona neno `Killed` karibu na `cc1plus`: hiyo kwa kawaida ina maana kompyuta imeishiwa RAM na mfumo umeiua kompaila. Funga kivinjari ujaribu tena.

Na `stray '\342' in program`?

Umenakili msimbo kutoka Word au PDF, ukaja na alama za kunukuu zilizopinda. Zifute uziandike upya kwa kibodi.

Nitajuaje kwa uhakika kama ni kompaila au ni mimi?

Anza na `-Wall -Wextra` na usome maonyo, usiyapite. Kisha punguza programu: toa menyu, toa faili, toa rangi, bakiza mistari michache ambayo bado inaonyesha tatizo. Kazi hii inachosha na ndiyo inayofumbua mengi. Watu wengi hukutana na kosa lao wenyewe wakiwa bado wanafuta.

Kilichobaki kipeleke kwa kompaila nyingine. Tovuti ya Compiler Explorer, godbolt.org, inakupa GCC na Clang za matoleo mengi bila kusakinisha kitu. Kwa mwenye simu ya Android tu, Termux ina Clang: `pkg install clang`. Humo hata ukiandika `g++`, inayoitwa ni Clang, kwa hiyo usiseme umejaribu kompaila mbili kumbe ni moja.

GCC na Clang zikikubaliana kinyume chako, rudi kwenye msimbo wako. Zikitofautiana, bado uwezekano mkubwa ni kwamba umegusa mahali ambapo lugha haitoi ahadi. Zikitofautiana na kifungu cha sheria kinaunga mkono upande mmoja, hapo una kitu cha kuripoti.

Naripoti wapi?

GCC wanapokea kwenye gcc.gnu.org/bugzilla. Tafuta kwanza kama imesharipotiwa. Jaribu kwanza toleo jipya pia. Bagi ya 3.4.2 au 4.9.2 haitarekebishwa na mtu leo. Wanataka toleo kamili, ambalo `g++ -v` hukupa, aina ya mfumo, amri uliyoandika yote, majibu ya kompaila, na faili la `.ii` linalotokana na `-save-temps`.

Kwa nini msiseme tu tutumie `vector`?

Tunasema. `vector<double>` inabeba idadi yake, inajifuta yenyewe, haigeuki kuwa `bool` kimyakimya, na `jumla(const vector<double>&)` haichanganywi na nyingine. Lakini mitihani bado inauliza `new` na `delete[]`, na msimbo wa zamani mtakaorithi umejaa hivyo.

Nikikwama kabisa, nilete nini?

Faili la `.cpp` lililopunguzwa, namba ya toleo la kompaila, ulichoingiza, ulichotegemea kuona na ulichoona. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa pembeni, yenye nusu ya ujumbe, haitoshi. Nakili maandishi yote ya kosa, kuanzia mstari wa kwanza.